Shajara ya kiganjani ilivyomezwa na simu

KIFAA kilichokuwa alama ya ofisa mwenye shughuli nyingi, kompyuta ndogo ya kiganjani ya kutunzia miadi, anwani na kumbukumbu, kimetoweka madukani. Kazi yake haikutoweka. Imehamia ndani ya simu ya mkononi, na kuhama huko kumebadili jambo ambalo watumiaji wengi hawakulitilia maanani: nani hasa anayeitunza shajara ya mtu.

Jina la msaidizi binafsi wa kidijitali lilienezwa mwaka 1992 na John Sculley, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Apple ya Marekani, alipokuwa akiunadi mradi wa Newton. Kifaa hicho kilipoingia sokoni mwaka 1993 kilikuwa ghali, hakikuenea katika mfuko wa shati, na kilikosea mara kwa mara kusoma mwandiko wa mwenyewe. Apple ilikifuta mwaka 1998.

Aliyefanikiwa ni Jeff Hawkins, mwanzilishi wa kampuni ya Palm. Kabla ya kuunda kifaa chake alitembea na kipande cha mbao mfukoni, akipima ukubwa unaobebeka bila usumbufu. Pilot, iliyotoka mwaka 1996, iliuzwa kuanzia dola 299. Haikujaribu kusoma kila mwandiko. Ilimtaka mtumiaji ajifunze herufi zilizorahisishwa na kuziandika kwa kalamu maalumu. Jioni aliiweka juu ya kitako chake, akabonyeza kitufe kimoja, na nakala ya kila kitu ikaingia katika kompyuta yake ya mezani.

Soko likapagawa. Hisa za Palm zilipouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza Machi 2000, siku hiyo hiyo kampuni ilithaminiwa zaidi ya dola bilioni 50, ikaipita thamani ya 3Com, kampuni mama iliyokuwa bado inamiliki sehemu kubwa ya hisa zake.

Kilele hicho kilikuwa pia mwanzo wa mteremko. Udhaifu wa kompyuta ya kiganjani haukuwa katika kazi iliyoifanya, bali katika upweke wake. Ilijua namba ya mtu lakini haikuweza kumpigia. Mwenye nayo alilazimika kubeba vifaa viwili, na kati ya hivyo simu ndiyo isiyoachika nyumbani.

Nokia ilikwisha kuonyesha njia mwaka 1996 kwa simu yake ya Communicator 9000, yenye kibodi na shajara. Mwaka 1999 kampuni ya Research In Motion ya Kanada ilileta BlackBerry ya kupokelea barua pepe, na mwaka 2002 ikaitia uwezo wa simu. Mwaka huo huo Handspring, kampuni aliyoianzisha Hawkins baada ya kuondoka Palm, ilitoa Treo, iliyounganisha simu na shajara. Palm iliinunua Handspring mwaka 2003, lakini iPhone ya mwaka 2007 ikageuza mkondo wa biashara yote. Hewlett-Packard iliinunua Palm mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2 tu, na mwaka uliofuata ikaacha kutengeneza vifaa hivyo.

Afrika Mashariki ilipita njia yake. Wananchi wengi hawakuwahi kumiliki kompyuta ya kiganjani. Simu ndiyo iliyowafikia kwanza. Waliofaidi kifaa hicho ni watafiti na watumishi wa afya. Mwaka 2004 watafiti wa Ifakara waliingia vijijini Lindi na Mtwara wakiwa na kompyuta za Palm, wakahoji zaidi ya kaya 20,000 na kuingiza majibu papo hapo, badala ya kubeba shehena ya fomu za karatasi kwenda kuchapwa mjini. Nchini Uganda, kuanzia mwaka 2003, vituo vya afya vilitumia vifaa kama hivyo kupeleka taarifa za wagonjwa kupitia mitambo iliyounganishwa na mtandao wa simu.

Kazi hiyo nayo ilihamia katika simu za kawaida, kisha katika vishikwambi. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, ambavyo baadaye waligawiwa walimu. Wazo la Hawkins limebaki; kilichozikwa ni kifaa chake.

Faida ya mabadiliko haya haina ubishi. Kalenda, kengele ya kukumbusha na kitabu cha anwani, vilivyokuwa anasa ya wachache, sasa vimo mfukoni mwa mama lishe na dereva wa bodaboda, pamoja na fedha zao, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007.

Lakini mwenye Palm alikuwa na nakala nyumbani, katika kompyuta yake mwenyewe. Mwenye simu leo ama hana nakala yoyote, ama nakala yake imo katika seva za kampuni ya kigeni, kwa masharti aliyoyakubali bila kuyasoma. Simu ikiporwa kituoni, huenda na miadi, namba za ndugu, picha na ufunguo wa akiba kwa pigo moja.

Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria hizo zinambana anayekusanya taarifa za watu. Haziwezi kumrudishia mtu kumbukumbu ambazo hakuzitunza. Wajibu huo umebaki kwa mwenye simu. Desturi ya zamani ya kuhifadhi nakala yako mahali unapopajua, hata kama ni namba muhimu zilizoandikwa daftarini, haikupaswa kuzikwa pamoja na kifaa kilichoifundisha.