KISWAHILI PEKE YAKE HAKITOSHI



Wako wenzetu hapa Mji wa Kale, wageni waliokaa siku nyingi, wasemao: "Kiswahili ninacho, uraia nitapewa tu." Wasijidanganye. Sheria ya Uraia ya mwaka 2011 yataka miaka 7 ya kukaa kwa halali, na kusema Kiswahili au lugha nyingine ya hapa. Tena yataka mtu aijue Kenya, na haki na wajibu wa raia.

Basi baraza zetu za kahawa na ziwe darasa. Tusome Katiba ya 2010, tukianza na Sura ya Tatu, Uraia, na ya Nne, Haki. Wazaliwa pia waje. Nasi tukiulizwa hayo, tungejibu wangapi?