Filimbi ya kwanza ya mtoto isichaguliwe kwa kung'aa

Katika kwaya na fanfari nyingi za Goma, Bukavu na Uvira, watoto wanaotaka kujifunza muziki ni wengi kuliko vyombo. Gitaa ni moja, na kinanda kinangoja umeme. Filimbi ndicho chombo ambacho familia ya kawaida inaweza kuthubutu kukitafuta. Ni nyepesi, haihitaji umeme, na inaingia katika mfuko wa shule. Kwa familia zilizokimbia, hilo si jambo dogo. Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka na maelfu ya watu wakaelekea Sake, wengi waliondoka na kile tu walichoweza kubeba mikononi.

Wapo watakaouliza: muziki wa nini wakati unga umepanda bei na watoto wanalala chini ya mahema? Swali hilo ni la haki. Hakuna anayesema filimbi itangulie chakula. Lakini mtoto aliyepoteza miezi mingi ya shule anahitaji kitu cha kujifunza leo na kukiendeleza kesho, na familia nyingi zinajua hivyo, ndiyo maana zinatafuta. Na kwa sababu pesa ni chache, kununua vibaya kunaumiza zaidi.

Kosa linalorudi mara nyingi ni hili: mzazi anaona filimbi mpya ya chuma, inang'aa, iko ndani ya sanduku zuri, bei yake imeshuka ajabu, na haina jina la kiwanda kinachojulikana. Ananunua. Baada ya miezi michache funguo zinalegea au zinapinda, matundu hayazibiki vizuri, na upepo unavuja. Mtoto anapuliza mpaka anapata kizunguzungu, lakini sauti za chini hazitoki. Hapo nyumbani wanaanza kusema hana kipaji. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko dola zilizotoka: mtoto anabebeshwa kosa la chombo.

Kwa anayeanza, hasa mwenye miaka saba hadi kumi, njia iliyo salama ni filimbi ya plastiki ya kupuliza kwa ncha, ile inayoitwa kwa Kifaransa flûte à bec. Ile ndogo ya sauti ya juu, soprano, ina urefu wa karibu sentimita 33, na vidole vya mtoto vinafika. Ile ya Yamaha huuzwa ng'ambo kwa chini ya dola 20, na hata bei ya safari ikiongezwa, inabaki mbali sana na bei ya filimbi ya chuma. Kabla ya kununua, aulizwe kwanza mwalimu anatumia mpango gani wa vidole. Iko miwili, wa Kibaroki na wa Kijerumani, na mara nyingi herufi B au G huandikwa nyuma ya filimbi. Wa Kijerumani unaonekana rahisi siku za mwanzo, lakini baadaye noti nyingine zinakuwa ngumu. Wa Kibaroki ni afadhali kwa atakayeendelea.

Kuna faida nyingine ambayo wazazi wa kambini wataielewa haraka. Filimbi ya plastiki inaoshwa kwa sabuni na maji safi, ndani na nje. Mahali ambapo kipindupindu na mpox vimepita, chombo kinachotoka mdomo wa mtoto mmoja kwenda wa mwingine bila kuoshwa ni hatari. Filimbi ya chuma yenye funguo haiwezi kuloweshwa, kwa sababu pedi zinazoziba matundu zinaharibika kwa maji.

Filimbi ya mwanzi nayo isidharauliwe. Wachungaji wa eneo hili wamepiga filimbi tangu zamani, na Warundi wanayo yao wanayoiita umwironge. Ni ya bei ndogo kabisa na inafundisha pumzi. Shida inakuja siku ya kupiga pamoja na kinanda cha kanisa: ikiwa fundi hakuipima, sauti hazitakutana.

Mtoto akidumu mwaka mmoja, na mikono yake ikifika kwenye filimbi ya chuma ya karibu sentimita 67, ndipo familia ifikirie hatua hiyo. Hapa iliyotumika ya kiwanda kinachojulikana, kama Yamaha, Jupiter au Gemeinhardt, inashinda mpya isiyo na jina. YFL-222 ya Yamaha, iliyotengenezwa kwa wanafunzi, ikiwa mpya inapita dola 500, kwa hiyo wengi watabaki kwenye zile za okazioni.

Lakini okazioni inataka macho na masikio. Mnunuzi aende na mtu anayejua kupiga. Vipande vitatu viungane bila nguvu na bila kucheza. Kila ufunguo ukibonyezwa urudi mara moja bila kunata. Pedi zisiwe zimepasuka. Noti za chini kabisa zitoke kwa pumzi laini. Zikikataa, upepo unavuja mahali. Noti ya La ilinganishwe na kipimo cha simu, 440. Weusi juu ya fedha usimtishe mtu, huo ni uchafu wa hewa tu. Mwili uliopinda ndio wa kuogopa. Na muuzaji akikataa filimbi ipigwe kabla ya kulipwa, pesa ibaki mfukoni. Kubadilisha pedi zote kunaweza kuzidi bei ya filimbi yenyewe, na fundi wa kazi hiyo si wa kupatikana kila mtaa.

Kwa hiyo makanisa, shule na kamati za wahami zinazochanga kwa njia ya likelemba zingefanya vema kuacha ile filimbi moja ya chuma inayofungiwa kabatini kwa katibu. Kwa pesa hiyo hiyo watoto wengi wangepata filimbi za plastiki, kila mmoja ya kwake, yenye jina lake. Ile ya chuma itafuata, kwa yule ambaye baada ya mwaka bado anapuliza.