Mgeni wa Soko la Hisa na Jembe la Siku ya Tatu

Yamkini msomaji atashangaa kumwona mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akiyaacha mashairi na riwaya na kuzungumzia hisa. Sina udhuru mkubwa ila huu: maneno ya biashara nayo ni maneno, na neno likitumiwa ovyo huweza kumfilisi mtu. Magazeti yetu humwita kila mgeni aletaye fedha katika Soko la Hisa la Nairobi "mwekezaji". Awe amekuja kushika sehemu ya kiwanda kwa miaka thelathini au amekuja kununua leo na kuuza kesho kutwa, jina ni hilo hilo. Ilhali Kiswahili kina neno limfaalo huyu wa pili, nalo ni mlanguzi. Kuwekeza kunatokana na kuweka, na aliyeweka kitu hukiacha kikae. Mlanguzi haweki, hupita. Makala haya yanadai kwamba soko letu limekuwa likiwakaribisha wote wawili kwa mkeka mmoja, na kwamba inatupasa kuwatenganisha. Yanadai pia, na hapa huenda nikahitilafiana na baadhi ya wazalendo wenzangu, kwamba kigezo cha kuwatenganishia si pasipoti bali ni muda.

Wahenga walikwisha kulimaliza jambo hili waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni afukuzwe, wala hawakuuliza atokako. Walihesabu siku.

Tuanze na historia kwa ufupi. Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954 likiwa chama cha madalali, na katika enzi hizo za ukoloni biashara ya hisa ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika na Mhindi walisubiri uhuru. Mwaka 1989 ikapitishwa sheria iliyounda Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kisha, katika wimbi la ulegezaji wa uchumi, mlango ulifunguliwa kwa wageni mnamo Januari 1995. Haukufunguliwa wote mara moja. Mwanzoni wageni kwa jumla hawakuruhusiwa kushika zaidi ya asilimia 20 ya hisa za kampuni, na mgeni mmoja mmoja asizidi asilimia 2.5, kabla ya mwaka huo kwisha viwango hivyo vikawa asilimia 40 na asilimia 5. Mwaka 2002 kanuni zikageuzwa ili asilimia 25 ya hisa iwe akiba ya wenyeji, na mwaka 2015 hata akiba hiyo ikaondolewa. Tanzania nayo ilipita njia hiyo hiyo kwa mwendo wa pole: soko la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, likawaruhusu wageni mwaka 2003 kwa kikomo cha asilimia 60, na kikomo hicho kikafutwa mwaka 2014.

Msomaji atagundua kwamba kanuni zote hizi ziliuliza swali moja tu: mgeni anashika kiasi gani? Hakuna hata moja iliyouliza atakaa siku ngapi.

Matokeo yake tuliyaona wazi kati ya mwaka 2021 na 2023. Hisa ya Safaricom, ambayo peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima, ilipita shilingi 40 mwaka 2021. Fedha zilikuwa rahisi duniani. Riba ya Marekani ilikuwa karibu na sufuri, na wasimamizi wa mifuko ya London na New York walikuwa wakitafuta popote penye faida. Kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Mgeni akafunga virago. Mwisho wa mwaka 2023 hisa ile ile ilikuwa chini ya shilingi 15. Kweli, mradi wa kampuni hiyo nchini Ethiopia ulikuwa ukimeza fedha nyingi, lakini kampuni yenyewe ilikuwa ingali ikipata faida ya mabilioni. Haikuporomoka biashara kiasi hicho. Uliporomoka uvumilivu wa wenye fedha za kupita.

Kuna atakayesema: haya ni ya wenye hisa, sisi wa Kiembeni yatuhusu nini? Yatuhusu kwa njia mbili. Mgeni akishauza hisa hana haja na shilingi. Huibeba kwenda kununulia dola. Wakifanya hivyo wengi kwa pamoja, shilingi hulegea. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 113, na Januari 2024 ikafika karibu 160. Sidai kwamba walanguzi wa hisa ndio waliofanya yote hayo. Hofu ya deni la Eurobond la dola bilioni 2, lililokuwa lilipwe Juni 2024, ilikuwa kubwa zaidi. Lakini walisukuma gari lililokuwa tayari linateremka, na nauli ya matatu kutoka Kiembeni hadi mjini haimwulizi abiria kama ana hisa. Njia ya pili ni akiba ya uzeeni. Mlinzi wa lango, karani na mwalimu wa chekechea ambao hawajawahi kuliona jengo la soko la hisa wana fedha mle ndani, kwa kuwa mifuko ya pensheni, ikiwemo NSSF, hununua hisa. Wao hawana uwezo wa kufunga virago.

Mwaka 2008 mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine, nayo inafaa kutajwa ili tusiwabebeshe wageni mizigo yote. Safaricom ilipouza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, asilimia 65 zilitengewa wenyeji na asilimia 35 wageni. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, lakini nakumbuka jinsi watu wazima walivyokuwa hawana hadithi nyingine. Waliokopa walikopa, waliouza ng'ombe waliuza. Wengi hawakuwa na nia ya kumiliki kampuni. Walikuwa wameona mfano wa KenGen mwaka 2006, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa shilingi 11.90 na kupanda zaidi ya maradufu mara zilipoingia sokoni, nao wakataka kununua, kuuza, na kuondoka. Siku ya kwanza, tarehe 9 Juni 2008, bei ikapita shilingi 7. Mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya 3. Msukosuko wa fedha wa dunia ulichangia, na vurugu za baada ya uchaguzi zilikuwa zimekwisha kuitikisa nchi. Lakini mwenyeji aliyekopa ili auze baada ya wiki mbili alikuwa mlanguzi kama yule wa London, tofauti yao ni kwamba huyu wetu alichelewa kupata habari. Na kampuni za udalali za Francis Thuo na Nyaga, zilizoporomoka mwaka 2007 na 2008 zikiwaacha wateja wakidai mali zao, hazikuwa za wageni. Ulanguzi hauna uraia.

Kwa upande wa pili, tazama kilicho karibu nasi. Ukitoka Kiembeni ukateremka kuelekea barabara ya Malindi, hutembei sana kabla ya kukiona kiwanda cha saruji cha Bamburi. Kilianza kutoa saruji mwaka 1954, mwaka ule ule lilipoundwa soko la hisa, na mwaka 1970 hisa zake zikaingia sokoni. Mwanzilishi wake alikuwa mgeni, Felix Mandl, na wamiliki wakuu waliofuata walikuwa wageni: Lafarge wa Ufaransa, kisha Holcim wa Uswisi. Mwaka 2024 Holcim ikaamua kuuza, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ya Amsons ya Tanzania ikawa imenunua zaidi ya asilimia 96 ya hisa kwa shilingi 65 kila moja. Wenyeji wa Kisauni tuna malalamiko yetu mengi kuhusu vumbi, ardhi na ajira, na sitayafuta hapa kwa kalamu. Lakini hakuna awezaye kusema Mandl na waliomfuata walipita. Walilima. Hata mashimo waliyochimba mawe, kuanzia mwaka 1971 René Haller aliyapanda miti mpaka yakawa bustani ambayo watoto wa shule hupelekwa kutazama viboko. Kanuni yoyote itakayomtia Holcim na mlanguzi wa miezi mitatu kapu moja, eti kwa sababu wote ni wageni, ni kanuni ya mtu asiyetaka kufikiri.

Nchi nyingine zimejaribu. Malaysia, baada ya fedha za Asia kuporomoka kuanzia Thailand Julai 1997, iliamuru Septemba 1998 kwamba fedha za wageni zilizokuwa katika hisa zisitoke kwa miezi 12. Wataalamu wa Magharibi waliitabiria maangamizi. Haikuangamia, na mapema mwaka 1999 ikabadilisha katazo hilo kuwa tozo ya kutokea. Brazili ilitoza asilimia 2 mlangoni mwaka 2009. Chile ndiyo inayonivutia zaidi. Kati ya mwaka 1991 na 1998 ilimtaka aletaye fedha kutoka nje aache sehemu yake, kwanza asilimia 20 kisha 30, katika benki kuu bila riba, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mmoja. Aliyekusudia kukaa miaka kumi hakuuhisi mzigo huo. Aliyekusudia kukaa miezi miwili ulimvunja mgongo. Wachunguzi waliobishana sana juu ya hatua hiyo walielekea kukubaliana kwamba haikupunguza mno wingi wa fedha zilizoingia, bali iliongeza zile za kukaa. Hicho ndicho tunachokitafuta.

Nionavyo mimi, Kenya ingeweza kuanza na jambo dogo zaidi. Auzaye hisa kabla ya kutimiza miezi 12 alipe tozo ya asilimia 2 ya mauzo. Kati ya miezi 12 na 24 alipe asilimia 1. Baada ya hapo asilipe chochote. Iwe hivyo kwa Mkenya na asiye Mkenya. Mauzo yasiyozidi shilingi laki mbili kwa mwaka yaachwe, maana mtu wa kawaida huuza hisa mtoto anapoitwa sekondari, si kwa ulanguzi. Tozo hiyo iingie katika mfuko wa kuwafidia wawekezaji wanaodhulumiwa na madalali. Kiufundi haliwezi kuwa gumu, kwa kuwa tangu mwaka 2004 hisa zimekuwa zikihifadhiwa katika daftari la elektroniki linalojua nani alinunua lini. Ugumu uko kwa mabenki yanayoshika hisa za wageni wengi katika akaunti moja, na hayo yangelazimika kutaja kila mwenye mali. Watapiga kelele. Kodi ya faida ya mtaji iliporudishwa mwaka 2015 madalali walipiga kelele, na hisa za sokoni zikaachiliwa.

Pingamizi lenye uzito ni hili: soko letu ni jembamba, na kwa miaka mingi wageni wamefanya zaidi ya nusu ya biashara yake. Ukiwawekea jembe mlangoni, wataenda kwingine na soko litakauka. Ni kweli biashara itapungua. Sioni haja ya kuficha. Lakini mlango huu huwa haubaki wazi kama tunavyojidanganya. Nigeria, dola zilipoadimika, fedha za wageni zilikwama kwa muda mrefu bila kanuni yoyote iliyotangazwa, na hapa kwetu mwaka 2023 kupata dola benki kulikuwa kazi ya kupanga foleni. Mgeni mwenye akili atapendelea tozo aijuayo kabla ya kuingia kuliko kufuli lisilotangazwa. Na wakati wa kuandika kanuni kama hii ni bei zinapopanda, kama zilivyopanda mwaka 2025, si siku ya mtikisiko ambapo kila tangazo la serikali huonekana ni king'ora.

Limebaki suala ambalo linakihusu chama chetu moja kwa moja. Mgeni akiondoka, lazima awepo mwenyeji wa kununua, na mwenyeji hanunui asichokielewa. Katiba ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini waraka wa kutangazia hisa, ule mnene unaoeleza madeni na hatari za kampuni, huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili huachiwa mabango na nyimbo za redio. Yaani lugha yetu hupewa kazi ya kushawishi na kunyimwa kazi ya kuonya. Mwaka 2025 Bunge la Taifa liliidhinisha kuuzwa kwa asilimia 65 ya Kenya Pipeline, kampuni ambayo bomba lake la mafuta huanzia hapa Mombasa. Kila serikali inapouza mali ya namna hiyo, ukurasa wa hatari ungepaswa kutolewa kwa Kiswahili fasaha pamoja na ule wa Kiingereza, wenye nguvu sawa kisheria. Istilahi zipo: hisa, gawio, hatifungani, dhamana, riba. Wafasiri wapo, na wengi wao wamo katika darasa ninalosoma, wakingoja kazi.