Kwenye jangwa, mvuvi hununua maji baridi

Safari ya uvuvi huuzwa kwa siku, kwa mashua na kwa idadi ya watu. Kwenye nchi ya joto kali vipimo hivyo havitoshi. Bidhaa yenyewe hasa ni maji baridi, na mteja anayetoa arubuni kabla ya kuuliza habari za maji ananunua mzigo bila kufungua gunia.

Soko la Lees Ferry, kaskazini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, linaonyesha jambo hili waziwazi. Mahali hapo ni jangwa. Mwezi Julai joto la mchana hupita nyuzi 38 za Sentigredi. Hata hivyo wateja huenda huko kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa fimbo nyepesi na chambo bandia kilichotengenezwa kwa manyoya na uzi kikafanana na mdudu. Katika miezi ya joto chambo kinachoigiza nyenje hupendwa sana, kwa kuwa nyenje wenyewe huanguka mtoni kutoka vichakani.

Kabla ya Bwawa la Glen Canyon, Mto Colorado ulikuwa wa matope na wenye maji ya vuguvugu wakati wa kiangazi. Ziwa Powell lilianza kujazwa mwaka 1963, na mwaka uliofuata trauti wakapandikizwa chini ya bwawa. Ziwa lilipojaa, mwaka 1980, mitambo ya umeme ilivuta maji kutoka kina cha mita 70 hivi, ambako jua halifiki. Biashara yote ya waongozaji wa Lees Ferry imejengwa juu ya mita hizo. Huo ndio mtaji wao, ingawa hauonekani kwenye vitabu vyao vya hesabu.

Mtaji huo umeliwa. Ukame pamoja na matumizi makubwa ya maji vilishusha ziwa hadi mwaka 2023, wakati uso wa maji ulipobaki mita 15 tu hivi juu ya midomo ya mabomba ya mitambo. Maji ya juu, yaliyopashwa na jua, ndiyo yakawa yanatoka. Tangu mwaka 2022 samaki wala samaki wa maji ya joto, wanaoishi ziwani, wameonekana wakizaliana chini ya bwawa. Mwaka 2024 wakuu wa bwawa walifungua mabomba ya chini zaidi ili kuupoza mto. Maji ya mabomba hayo hayapiti kwenye mitambo, kwa hiyo hayazalishi umeme. Kwa maneno mengine ubaridi ulilipiwa kwa umeme uliopotea, na haukulipwa na wavuvi. Mfanyabiashara asitegemee kwamba wanunuzi wa umeme watakubali kubeba gharama hiyo kila mwaka.

Nani basi abebe hatari? Kwa kawaida ni yule aliyekwisha kulipa. Utaratibu huo ni mbovu, hata kwa waongozaji wenyewe, maana mteja aliyepoteza arubuni mara moja harudi. Ingefaa mkataba utaje kipimo: maji yakifika nyuzi 20, ambapo trauti huanza kutaabika na wengi wa wanaorudishwa majini huweza kufa, mteja aruhusiwe kubadili tarehe au kulipia asubuhi tu. Kipimo hicho hakihitaji ubishi. Kituo cha serikali hapo Lees Ferry hupima mto, na kimo cha ziwa hutangazwa kila siku.

Wapo watakaosema masharti hayo yatawaua waongozaji wadogo. Lakini mto ukifungwa hakuna anayeokoka. Huko Montana, kusiko na jangwa, wakuu wamekuwa wakizuia uvuvi kuanzia saa nane mchana hadi usiku wa manane mto ukifikia nyuzi 23 kwa siku tatu mfululizo. Agosti 2016 walifunga kilomita zipatazo 295 za Mto Yellowstone baada ya kimelea kuua maelfu ya samaki. Nyumba za wageni na maduka ya ndoana yalikaa bila wateja katikati ya msimu. Wenye mashua za kukodi wa Malindi na Watamu wana nafuu kidogo, kwani kusi linapochafua bahari katikati ya mwaka hujulikana mapema na bei hupangwa kulifuata.

Kuhusu tarehe, wengi hukosea kwa kufuata joto la hewa. Ziwa kubwa huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, hivyo maji yanayotoka bwawani huwa ya joto zaidi kuelekea Septemba na Oktoba, hewa ikiwa imeanza kuwa nzuri. Juni humchoma mvuvi lakini humhifadhi samaki. Anayevua kwa miguu badala ya mashua aangalie pia ratiba ya bwawa: mahitaji ya umeme yakipanda mchana, maji hufunguliwa zaidi na mto hupanda.

Mwenye likizo ya Septemba pekee alipie siku moja kwanza. Siku nyingine azinunue akiwa huko, baada ya kusoma kipimajoto.