Sarara ya Watu Wawili



Juma hili tumeazimia kuingia jikoni. Wako watakaoguna wakiuliza sheikh ana nini na kaango, nao tutawajibu huko mbele. Kwanza tuieleze nyama yenyewe, kwani wengi wetu huipita buchani pasi na kuijua, au huinunua kwa bei ya juu kisha wakaichemsha saa mbili kana kwamba ni nyama ya shingo.

Sarara ni ule mnofu mrefu ulalao ndani ya kiuno cha ng'ombe, chini ya uti wa mgongo, jirani na mafigo. Wauza nyama wengi siku hizi huiita fileti. Ng'ombe mmoja anazo mbili tu, moja kila upande, na hiyo ni sababu mojawapo ya ughali wake. Msuli huu haufanyi kazi kubwa mnyama aendapo machungani, basi nyuzi zake zimebaki laini hata kisu butu huzipita. Lakini hauna mafuta mengi, na ladha yake ni ya upole kuliko ya mbavu. Jambo hili wauzaji hawalisemi: sarara hununuliwa kwa ulaini wake, na utamu wake hauna budi kutafutwa katika moto, siagi na pilipili manga. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipendezwa na nyama ya mkono, na ajuaye kupika atakubali kwamba mkono una ladha zaidi.

Waliompa sarara cheo cha mezani ni Wafaransa. Kile kipande kinene cha katikati, kiasi cha kuwatosha watu wawili, walikiita Chateaubriand, jina lililofungamanishwa na François-René de Chateaubriand, mwandishi na mwanadiplomasia wao aliyefariki mwaka 1848. Kwa desturi yao hupikwa kizima, huletwa mezani, hukatwa mbele ya walaji na kugawanywa kwa wawili. Tumekipenda chakula hiki kwa sababu hiyo: tangu asili yake hakikukusudiwa karamu wala sinia la watu wanane.

Sasa tuwajibu walioguna. Mwezi uliopita bibi mmoja, msomaji wa ukurasa huu, alitufikishia shauri lake. Ameolewa miaka thelathini na mmoja. Watoto wote wameondoka, wa mwisho yuko Ghuba kikazi. Kwa miaka yote hiyo mumewe alikula na wanawe barazani au na wageni, naye bibi akala jikoni na mabinti, kama zilivyo desturi zetu nyingi za mwambao. Sasa nyumba ni tupu, na desturi imebaki. Mume hurudi baada ya Isha akiwa ameshashiba mishikaki ya njiani, naye bibi hula akiwa amesimama kando ya jiko, kisha hulala. Hakulalamika kwa kutopewa matumizi, wala kwa kupigwa, wala kwa maneno mabaya. Alituuliza swali moja tu: je, ni aibu kwa mwanamke wa umri wake kutamani kula pamoja na mumewe?

Si aibu hata kidogo. Mama Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alikuwa akinywa au akila nyama ya mfupani, kisha Mtume (S.A.W.) huweka mdomo wake palepale alipoweka yeye. Aidha Saad bin Abi Waqqas (R.A.), alipokuwa mgonjwa Makka, alifundishwa kwamba matumizi ayatoayo mtu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu yana ujira, hata tonge amtiayo mkewe kinywani. Wanaume hulijua sana fungu la kwanza la hadithi hiyo, lile la wasia na thuluthi, kwa sababu ni la mirathi. Fungu la tonge hulipita mbio. Na Mama Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka. Basi tunayoyaandika hapa chini tunawaandikia waume kwanza, nao wake wasimamie.

Mwendee muuza nyama unayemwamini, ambaye nyama yake ina muhuri wa mkaguzi na mchinjaji wake anajulikana. Mwambie unataka sarara ya katikati, gramu mia nne hadi mia nne na hamsini, isiyo kichwa wala mkia. Angalia usiuziwe mnofu wa paja uliochongwa ukafanana nayo, kwani umbo lao hukaribiana na walaji wengi wametoka buchani wakifurahia paja kwa bei ya sarara. Sarara ya kweli huanza nene na kumalizia nyembamba, na juu yake pana utando mweupe unaong'aa mithili ya fedha. Ukiibonyeza kwa kidole huitika upesi, paja hukaza. Tena usiipike siku ileile ng'ombe alipochinjwa. Nyama iliyochinjwa alfajiri hukakamaa kwa muda kabla ya kulegea, basi iweke katika friji siku mbili, imefunikwa kidogo, nawe utaona tofauti.

Gharama tusiifiche: bei yake hupita ya nyama ya mfupa kwa kiasi cha kuumiza mfuko. Asiye na uwezo asikope kwa ajili hii, na mwenye deni la karo aanze na karo. Lakini mume ambaye hununua mishikaki ya jioni siku tano za juma, akiisha kupiga hesabu, aghlabu ataona kwamba nusu kilo ya sarara mara moja kwa miezi miwili haimfilisi.

Utando ule mweupe uondoe wote kwa kisu chembamba, ukiukata kwa kuteleza chini yake, kwa sababu hauyeyuki motoni na hujikunja ukaipinda nyama. Kisha kata vipande viwili sawasawa, unene wa vidole vitatu. Baada ya Maghrib vitoe katika friji, vikaushe kwa kitambaa safi au karatasi mpaka visiwe na unyevu kabisa, vitie chumvi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyote viwili, uviache juu ya sahani. Ukirudi msikitini baada ya Isha vitakuwa vimepoteza ubaridi wa friji. Muda huo ni kama saa moja, nao usizidi, kwa joto letu la mwambao.

Pilipili manga usitumie ile ya unga iliyokaa koponi tangu Ramadhani. Nunua nzima, ya Marikiti au popote penye viungo vipya, uitwange katika kinu mpaka ivunjike vipande vipande bila kuwa vumbi. Paka vipande vyote pande mbili.

Kaango liwe zito, la chuma ikiwezekana. Liache juu ya moto mkali mpaka lianze kufuka moshi, utie mafuta ya kupikia vijiko viwili vya mezani, kisha uweke nyama usiiguse. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaigeuzageuza, wanaibonyeza kwa mwiko, maji yanatoka, na nyama badala ya kubanikika inachemka. Dakika tatu upande wa kwanza, dakika tatu wa pili, kisha isimamishe kwa koleo uguse na mbavu zake pia. Rangi iwe ya kahawa iliyokaangwa. Halafu punguza moto, tia siagi vijiko viwili vya mezani na punje tatu za kitunguu thomu zilizopondwa, uinamishe kaango na kuinywesha nyama siagi ile kwa kijiko, ukigeuza kila baada ya dakika moja, kwa dakika nne hadi sita. Mwenye kutaka kutumia tui la nazi badala ya siagi hatumkatazi, ila kwa maoni yetu tui huifunika sarara mpaka ikawa sawa na nyama nyingine yoyote.

Kuhusu kuiva, hapa kuna mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. La kwanza ni la fiqhi. Wako wanaouona wekundu ndani ya nyama wakasema ni damu, na damu ni haramu. Iliyoharamishwa katika Suratul An'aam ni damu yenye kumwagika, nayo hutoka wakati wa kuchinja. Wanavyuoni wametofautisha baina ya hiyo na kinachobaki katika mnofu, na hiki hakina tatizo. Wekundu wa nyama wenyewe si damu, ni rangi ya misuli. Kwa hiyo usimhukumu jirani yako kwa kula nyama yenye wekundu kidogo.

La pili ni la afya, nalo ndilo tunalolishikilia. Minyoo ya tegu hukaa katika nyama ya ng'ombe isiyoiva, na ndiyo maana tunataka muhuri wa mkaguzi. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama nzima ya ng'ombe ifike nyuzi 63 za Selsiasi katikati, kisha ipumzike walau dakika tatu. Kipimajoto cha nyama si ghali kulinganisha na sarara yenyewe. Kichome mpaka katikati, na nyama ikifika nyuzi 60 iondoe motoni, kwani itaendelea kupanda ikiwa sahanini. Hakikisha imefika 63 kabla ya kukata. Katikati yake utaona rangi ya waridi hafifu, na itakuwa bado laini. Mke akiwa mjamzito usimwandalie hivyo. Kipande chake kiache mpaka kiive kabisa, nyuzi 71 na zaidi, na umnyweshee siagi ya ziada. Hapa si mahali pa kuonyesha ujuzi.

Nyama ikishatoka, iweke kwenye sahani ya moto, uifunike kwa foili bila kuibana, ikae dakika nane. Ukiikata upesi maji yake yote yatabaki juu ya ubao. Dakika hizo nane ndizo za kutengeneza mchuzi.

Katika vitabu vya Wafaransa mchuzi huu hutiwa mvinyo, na hoteli nyingi hufuata vitabu hivyo. Husemwa kwamba moto huondoa kilevi chote, na si kweli. Sehemu yake hubaki. Hata lau kingeondoka chote, hatuna haja nacho. Wao hutia mvinyo kwa ajili ya uchachu wake, na uchachu tunao: ndimu, ukwaju, na siki, ambayo Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa kitoweo chema. Anayekula sarara hotelini aulize mchuzi umetengenezwa kwa nini, wala asione haya kuuliza. Nyumbani, mwaga mafuta ya kaango ubakishe kijiko kimoja, kaanga humo vitunguu viwili vidogo vilivyokatwa vyembamba mpaka vilainike, tia nusu kikombe cha supu ya mifupa, uyakwangue yale mabaki meusi yaliyoshika chini, kwani ndiyo yenye ladha yote. Tia kijiko kimoja cha siki. Kikipungua nusu, zima moto, koroga siagi baridi kijiko kimoja, na maji yaliyochuruzika kutoka kwenye nyama iliyopumzika. Onja ndipo uongeze chumvi.

Pembeni yake mbatata zilizochemshwa na maganda yake, zikabonyezwa kidogo na kukaangwa kwa samli, na fungu la mchicha uliopitishwa motoni dakika mbili. Vyote viwili vyaweza kutangulizwa kabla ya Isha. Wali hatuukatazi, lakini wali utakufanya utake mchuzi wa bakuli zima, na mchuzi huu ni wa vijiko.

Yule bibi tulimpa maelezo haya kwa ufupi akamfikishie mumewe kwamba ni agizo letu, kwa kuwa alisema yeye mwenyewe hataweza kumwomba. Mume alitupigia simu siku ya tatu. Hakutaja mashauri wala hakuuliza mkewe alitueleza nini. Aliuliza kama ni lazima kaango liwe la chuma, au lile jembamba la mkewe la kukaangia mahamri litafaa. Tulimwambia litafaa kwa shida, apunguze moto kidogo na asiweke vipande vyote viwili kwa pamoja. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mkewe anapenda nyama iliyoiva kiasi gani, kwa kuwa katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kujua. Tulimwambia swali hilo sisi hatuna jawabu lake. Yeye aliye nalo yuko chumba cha pili.

Kwa wenye kununua sarara nzima na kuikata wenyewe: kichwa chake kikatwe vipande vya mishikaki, na mkia, ambao ni mwembamba mno kwa kaango, usagwe kwa sambusa za siku ya pili. Utando mweupe chemshia supu.

Juma lijalo, inshaAllah, tutarejea maswali matatu yaliyotufikia kuhusu mahari ya kulipwa kwa awamu.

Wabillahi tawfiq.