Kibanda umiza nacho ni historia

Tukizungumzia sinema za zamani, mazungumzo huishia Dar es Salaam, kwenye Drive-In iliyofunguliwa 1966, ambako leo upo ubalozi wa Marekani. Mizani hiyo inaupunja mkoa wa Mara. Wengi wa Musoma, Bunda na Butiama hawakuwa na gari la kuegesha mbele ya skrini. Sinema iliwafuata kwa magari ya serikali yaliyozunguka mikoani, kisha kwa vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video: mabenchi yaliyobanana, madirisha yaliyozibwa kwa maturubai, ratiba ya chaki mlangoni, na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, ikimpa nyota wa Hong Kong maneno ya kijiweni.

Watasema zile zilikuwa kanda za kurudufu, na watoto walitorokea humo. Ni kweli, na wenye haki walipunjwa. Lakini historia haichagui wenye leseni tu, na Lufufu hakuwa mkalimani tu. Alitunga upya, tena papo kwa papo. Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Nyerere tangu 1999. Yapewe fungu la kukusanya kanda, mbao za ratiba na masimulizi ya wenye vibanda, wangali hai.