Nani Alichimba Shimo Hili?



Wiki hii kikundi chetu cha WhatsApp kimewaka moto, na nimeona heri niandike kuliko kutuma sauti za dakika nane ambazo najua hamzisikilizi hadi mwisho. Swali lilikuwa hili: ukame na mafuriko tunayoyaona, mwanadamu ana lawama yoyote hapo, au haya ni mambo ya Mungu peke yake?

Kaka mmoja alisema habari za dunia kupata joto ni uongo wa wazungu, wanataka tusiendelee. Dada mmoja akasema mvua ni ya Mungu, kwa hiyo kusema mwanadamu ameibadilisha ni kumnyang'anya Mungu utukufu wake. Na mzee mmoja ninayemheshimu sana akaandika neno moja tu: "Dhambi." Likapata amina kumi na saba. Nilihesabu.

Nianze na mzee wetu, kwa sababu hajakosea kabisa. Swali langu kwake ni hili: dhambi ya nani?

Mnakumbuka kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020. Mvua ya vuli ikakosa, masika ikakosa, vuli tena, masika tena, vuli tena. Misimu mitano mfululizo. Marsabit, Wajir, Turkana, Samburu, mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya. Sasa mchukue mfugaji aliyekuwa na ng'ombe arobaini akabaki na watatu. Unamwendea mzee huyo, amekaa chini ya mti na mizoga imemzunguka, unamwambia, "Baba, ni dhambi." Umefanya nini hapo? Umefanya kazi ya marafiki wa Ayubu, na tunajua Mungu aliwaambia nini mwisho wa kitabu kile. Kama ukame ungekuwa unafuata dhambi tu, mimi nadhani Nairobi ingekauka kabla ya Marsabit.

Bwana wetu aliulizwa jambo kama hili. Luka 13, mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18. Alikataa kabisa wazo la kwamba wale walikuwa wabaya kuliko wenzao wa Yerusalemu. Wale 18 walikuwa tu chini ya mnara.

Lakini someni pia 2 Samweli 21. Njaa ya miaka mitatu wakati wa Daudi. Daudi hakusema "ni siku za mwisho" akalala. Aliuliza chanzo. Na jibu likaja na jina: ni Sauli, kwa sababu ya damu ya Wagibeoni. Waliokuwa wanalala njaa hawakuwa wamemwaga damu ile. Mkubwa alitenda, wadogo wakakosa unga. Kwa hiyo mpendwa asikudanganye mtu kwamba kuuliza chanzo cha ukame ni kukosa imani. Mfalme aliyeupendeza moyo wa Mungu aliuliza.

Sasa nataka twende Kutoka 21, mstari wa 33 na wa 34. Ni sheria ambayo hatuihubiri, labda kwa sababu haina mahali pa kupiga makofi. Inasema hivi kwa maneno yangu: mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Pesa iende kwa mwenye mnyama, na mzoga ubaki kwake yeye aliyechimba.

Tazama kile sheria haiulizi. Haiulizi kama alikuwa na nia mbaya. Pengine alikuwa anachimba kisima anyweshe watoto, kazi nzuri kabisa. Haiulizi kama alimchukia mwenye ng'ombe, wala kama anamjua. Inauliza mambo mawili tu: nani alichimba, na mbona hakufunika. Na haikubali mtu aseme, "Ni mapenzi ya Mungu ng'ombe wako aanguke." Mungu mwenyewe ndiye aliyeitoa sheria hii, na hakutaka jina lake litumike kufunika shimo la mtu.

Je, shimo la leo nani alilichimba? Hapa hatuhitaji ufunuo, maana watu wamepima. Kabla viwanda havijaanza kuchoma makaa ya mawe, katika kila sehemu milioni moja za hewa kulikuwa na sehemu kama 280 za hewa ya kaboni. Leo zimepita 420. Kuna kituo juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, ambako wamekuwa wakipima tangu 1958, na kila mwaka namba inapanda. Hewa hiyo inafanya kazi ya blanketi: jua linaingia, joto linakawia kutoka. Hilo si jambo la juzi. John Tyndall alilionyesha kwa vyombo vyake Uingereza mwaka wa 1859, kabla reli haijafika Nairobi, kabla Nairobi yenyewe haijakuwepo.

Mtu ataniambia, "Pastor, pengine ni volkano." Volkano zote za dunia kwa mwaka hazitoi hata asilimia 1 ya kaboni ambayo binadamu anatoa. "Basi ni jua." Jua linapimwa na setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nguvu yake haijapanda hivyo. Tena jua likizidisha moto, anga lingepata joto juu na chini. Vipimo vinasema chini kunapata joto na juu kabisa kunapoa, kama ilivyo ukijifunika blanketi: ndani moto, nje baridi. Na kaboni yenyewe ina alama. Ya kitu kilicho hai ina alama moja, na ya mafuta yaliyozikwa ardhini muda mrefu imeipoteza (umri wa dunia tutaujadili siku nyingine, tafadhali msinianzishie leo). Wanasayansi wakiisoma hewa wanaona ile ya mafuta yaliyochimbwa ndiyo inaongezeka. Ndiyo maana mwaka wa 2021 jopo la Umoja wa Mataifa, IPCC, likasema hakuna shaka tena kwamba binadamu ndiye ameipasha dunia joto.

Kwa kaka yangu wa "uongo wa wazungu", ninakuelewa. Tumedanganywa mara nyingi. Lakini utafiti uliotolewa Aprili 2023 kuhusu ule ukame wetu uliongozwa na Joyce Kimutai, Mkenya, binti wa hapa hapa, mtaalamu wa hali ya anga. Yeye na wenzake walipata kwamba joto lililoletwa na binadamu liliufanya ukame ule uwezekane mara 100 zaidi, au kupita hapo. Sababu kubwa haikuwa mvua kupungua peke yake. Ni joto kunyonya maji kutoka kwa udongo na majani kabla mizizi haijayanywa. Na hata ukimwendea mzungu, aliyeongoza kazi ya sayansi ya IPCC miaka yake ya kwanza ni John Houghton wa Wales, mtu aliyempenda Yesu waziwazi na kuliandikia kanisa kuhusu jambo hili hadi uzee wake. Sijui njama gani hiyo ambayo ndugu zetu wenyewe ndio wameishika kalamu.

Tena fikiria, kaka. Nani anafaidika ukiamini hakuna aliyechimba? Bara letu lote linatoa karibu asilimia 4 tu ya kaboni inayotolewa duniani kwa mwaka. Kenya haifiki hata nusu ya asilimia 1, na umeme wetu mwingi unatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya yote yaliyotolewa tangu viwanda vianze, na leo China ndiyo inaongoza kwa mwaka. Ukisema hakuna mkosaji, umewafutia deni ambalo hata wao hawajaomba lifutwe.

Rudini kwenye sura ile ile, mstari wa 28 na 29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na mazoea, na mwenyewe ameonywa asimfunge, hukumu inageuka kabisa. Mtu wa mwaka 1850 aliyechoma makaa ya mawe hakujua, hata mimi simlaumu. Lakini mwaka wa 1988 James Hansen alisimama mbele ya Baraza la Seneti la Marekani akasema joto limeshaanza. Mwaka wa 1992 mataifa yakaweka sahihi kule Rio. Wanasayansi wa kampuni ya Exxon yenyewe walikadiria ongezeko hili la joto tangu miaka ya 1970 na 1980, na makadirio yao yametimia. Ng'ombe alijulikana, na mwenyewe alionywa.

Ndiyo maana viongozi wa Afrika wanapodai malipo kwenye mikutano ile, mimi sioni kama ni kuomba-omba. Wanasoma Kutoka 21, wajue wasijue. Mwaka wa 2022 kule Sharm el-Sheikh mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu. Mwaka uliofuata, Dubai, ahadi za mwanzo hazikufika dola bilioni 1, na hiyo ni ya nchi zote maskini pamoja. Gawanya mwenyewe uone mfugaji wetu anapata mbuzi wangapi.

Dada yangu, wewe ulinigusa, kwa sababu unautetea utukufu wa Mungu. Mwanzo 8:22 ni ahadi ya kweli: maadamu dunia ipo, kupanda na kuvuna na baridi na joto havitakoma. Lakini kutokoma si sawa na kutoharibiwa. Mungu ndiye mwenye pumzi yako pia, na bado mtu akivuta sigara miaka thelathini mapafu yake yanaoza, na hakuna anayesema amemnyang'anya Mungu utukufu. Mwanzo 2:15 Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Mtu hapewi kutunza kitu ambacho hawezi kukiharibu.

Na sisi tuna vishimo vyetu, msifikiri nawasahau. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, kule Mai Mahiu, njia ya maji chini ya reli ilikuwa imeziba, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakapasua. Watu zaidi ya 50 wakafa, wengi wakiwa kitandani. Taka kwenye mtaro, nyumba kwenye ukingo wa mto, msitu uliogeuzwa magunia ya makaa, hayo hayakuchimbwa Washington. Simlaumu mama anayepikia makaa kwa sababu gesi imepanda bei. Namlaumu yule mwenye lori tatu za makaa usiku na sadaka nono asubuhi, na anajua namsema.

Kwa hiyo kesha la Ijumaa lipo, na tutaombea mvua kama Eliya, bila aibu. Tutaomba pia kama Daudi, tukitaja chanzo kwa jina. Na Jumamosi saa mbili asubuhi, wanaume na vijana wote, mtaro ulio nyuma ya kanisa unazibuliwa hadi barabarani. Ule uchafu wa mifuko mnaujua, na chini yake kuna nyumba sita za majirani ambao hata si waumini wetu. Njooni na majembe na viatu vya mpira. Akina mama wa idara wamesema chai itakuwepo.

Mbarikiwe.